Reli na Basi katika Viunga vya Dar es Salaam: Mfano wa Kibamba

Mji wa Dar es Salaam umekua kwa mfano wa mkono uliokunjuliwa. Kiganja chake ni bandari na mitaa ya katikati. Vidole vyake ni barabara kuu zitokazo hapo: Barabara ya Bagamoyo upande wa kaskazini, Barabara ya Morogoro upande wa magharibi, Barabara ya Pugu, iitwayo leo Barabara ya Nyerere, upande wa kusini-magharibi, na Barabara ya Kilwa upande wa kusini. Watu walipozidi mjini hawakujaza kwanza nafasi zilizokuwa baina ya vidole, bali walivifuata vidole vyenyewe, kwa kuwa hapo ndipo palipopita gari. Kibamba ni kiunga kilichoota katika kidole cha Morogoro, mbele ya Ubungo, Kimara na Mbezi, karibu na mpaka wa Mkoa wa Pwani. Zamani kilihesabiwa katika Kinondoni. Leo kimo katika Wilaya ya Ubungo. Mtu akaaye huko na kufanya kazi Kariakoo au bandarini hana budi kuuvuka mji karibu wote mara mbili kila siku, alfajiri akienda na usiku akirudi.

Kwa miaka mingi wakazi wa viunga kama hiki wamesikia maneno ya namna mbili. Wako wasemao kuwa dawa ya safari ndefu ni reli, kwa sababu treni moja hubeba umma wa watu na haizuiliwi na msongamano. Wako wasemao kuwa dawa ni basi, kwa sababu basi hufika alipo mtu, hali reli humtaka mtu afike ilipo. Maneno yote mawili yana kweli ndani yake. Lakini kweli isiyopimwa na historia ya mahali haimsaidii msafiri; basi na ipimwe.

Reli ya kwanza ya Dar es Salaam haikujengwa kwa ajili ya wakazi wa mji. Wadachi walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Nia yake ilikuwa kuleta mazao ya bara bandarini na kupeleka bidhaa, askari na amri bara. Kwa nia hiyo, mahali penye thamani palikuwa ni miisho ya njia. Vijiji vya katikati vilikuwa vya kupitwa tu. Tena njia ile ilipotoka bandarini ilielekea Pugu, ikaenda Soga, Ruvu na Ngerengere. Haikupita Kimara wala Mbezi wala Kibamba. Barabara na reli, ambazo zote mbili zaenda Morogoro, zilitengana tangu mlangoni mwa mji, na Kibamba kikabaki upande wa barabara.

Reli ya pili ilikuja baada ya uhuru. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa Uchina baina ya mwaka 1970 na 1975, ikafunguliwa rasmi mwaka 1976, urefu wake kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia. Nayo haikujengwa kwa ajili ya viunga, bali kwa ajili ya shaba ya Zambia, nchi ambayo njia zake za kusini zilikuwa mikononi mwa tawala za walowezi. Ilikuwa kazi tukufu ya ukombozi, lakini mtu wa Temeke aliyetaka kufika Kariakoo hakuwa miongoni mwa waliofikiriwa ilipochorwa.

Yafaa kulinganisha jambo hili na habari za London. Huko, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kampuni ya reli iliyoitwa Metropolitan ilipeleka njia yake mashambani kaskazini-magharibi ya mji, ikauza viwanja kando ya stesheni, kisha ikawasafirisha wale wale walionunua viwanja. Reli ilitangulia, nyumba zikafuata, na kila nyumba ilijua stesheni yake. Dar es Salaam mambo yalikuwa kinyume. Nyumba zilifuata lami, na reli ikabaki ikipita penye watu wachache. Mtu asemaye leo kuwa reli imeshindwa kuwahudumia wakazi wa Kibamba asema neno lisilo haki kwa reli: haikuwahi kupewa kazi hiyo.

Kazi ya kuwachukua watu wa mji ilikuwa ya mabasi tangu wakati wa ukoloni. Kampuni ya DMT, iliyokuwa mali ya watu binafsi, ilifanya kazi hiyo mpaka ilipotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa mafungu mawili: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikachukua safari za mjini. Tendo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko mabadiliko ya jina. Lilikuwa ni tamko kwamba safari ya mfanyakazi kwenda kazini si bidhaa ya sokoni, bali ni haki ambayo umma wapaswa kuisimamia.

Haki hiyo ilihitaji mafuta, vipuri na fedha za kigeni, na vyote vitatu viliadimika. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979; katika mwaka huo huo wa 1979 taifa lilikuwa likimaliza vita vya Uganda. Nauli ilizuiwa isipande ili mnyonge aweze kuilipa, lakini pengo baina ya nauli na gharama halikuzibwa. Mabasi yalipoharibika yalisimama karakana yakingoja vipuri visivyokuja, nayo mabasi marefu ya Ikarus, yaliyoletwa kutoka Hungaria, hayakuweza kutosheleza. Wakati huo watu wa mji walikuwa wakiongezeka bila kusita. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta wakazi 272,821. Ile ya mwaka 2012 ilikuta 4,364,541. Na ile ya mwaka 2022 ilikuta 5,383,728. Hakuna shirika la mabasi ambalo lingeweza kulikimbilia ongezeko kama hilo kwa magari yanayopungua.

Pengo lilipokuwa wazi, watu binafsi waliliingia. Kwanza walifanya kwa siri, katika magari ambayo wenyeji waliyaita chai maharage, ambamo abiria walikaa wakitazamana. Kisha mwaka 1983 serikali ilikubali kuwapa ruhusa. Ndipo lilipozaliwa jina la daladala, kutokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Katika muda mfupi daladala lilikuwa ndilo gari la mji. Lilifika mahali ambapo UDA haikufika, na kila kijiji kilichogeuka mtaa kando ya Barabara ya Morogoro kilipata kituo chake, si kwa amri ya mpangaji mji, bali kwa sababu abiria alinyoosha mkono na dereva akasimama.

Sifa hiyo daladala lastahili kupewa. Lakini gharama yake haikuonekana katika nauli. Dereva na utingo wake aghalabu hawakuwa na mkataba wala mshahara. Walipaswa kumpelekea tajiri hesabu ya siku, na kilichozidi ndicho kilichokuwa riziki yao. Kwa hiyo walikimbia barabarani, walijaza abiria kupita kiasi, na walimkwepa mwanafunzi kwa kuwa nauli yake ilikuwa ndogo. Mtoto wa shule aliyesukumwa mlangoni alfajiri hakusukumwa na roho mbaya ya utingo peke yake. Alisukumwa na hesabu ya tajiri iliyokuwa ikimngoja utingo jioni. Hapo yaonekana kwamba ubaya au uzuri wa chombo hautoki katika magurudumu yake tu, bali pia katika namna watu wake wanavyolipwa.

Mwaka 2012, mwezi wa Oktoba, reli iliitwa kwa mara ya kwanza kufanya kazi ya viunga kwa ratiba ya kila siku. Harrison Mwakyembe alikuwa Waziri wa Uchukuzi, na wenyeji wakaiita treni ile kwa jina lake. Treni moja ilitoka Stesheni katikati ya mji ikapita Buguruni na Tabata mpaka Ubungo Maziwa. Nyingine ilitumia njia ya TAZARA kutoka stesheni yake kuu kwenda Mwakanga. Mwaka 2016 safari ya Pugu nayo iliongezwa. Umma uliipokea kwa furaha, na kwa haki. Abiria aliyezoea kukaa saa mbili katika foleni aliona miti na nyumba zikipita bila kusimama. Nauli ilikuwa nafuu. Na mwanafunzi hakufukuzwa mlangoni, kwa maana mlinda tiketi wa reli hana hesabu ya kumpelekea tajiri.

Hata hivyo mipaka ya huduma ile ilionekana upesi. Njia ilikuwa moja, na treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa penye njia ya kando. Kwa sababu hiyo huduma ilikuwa ya asubuhi na jioni tu, na aliyeikosa treni yake hakuwa na nyingine ya kungojea kwa dakika kumi. Njia hiyo hiyo ilitumiwa na treni za mizigo na za bara. Mahali ilipokata barabara, magari yalisimama, na treni nayo ilipita kwa tahadhari. Tena safari ya magharibi iliishia Ubungo. Kutoka hapo mpaka Kibamba kuna safari nyingine nzima. Mkazi wa Kibamba aliyetaka kupanda treni alipaswa kwanza kupanda basi mpaka Ubungo. Na mtu akishapanda basi na kuvuka foleni ya Kimara, sababu yake ya kushuka ili apande treni imekwisha pungua.

Kuna kizuizi kingine ambacho macho ya msafiri hayakioni upesi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma; TAZARA ina milimita 1,067; na reli mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024 na kufika Dodoma mwaka huo huo, ina milimita 1,435. Mji mmoja una reli tatu za vipimo vitatu. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Basi huweza kuacha Barabara ya Kilwa likaingia Barabara ya Morogoro siku ambayo watu wamezidi. Treni ya TAZARA haiwezi kuazimwa kwenda Ubungo. Kila reli ilijengwa na zama zake kwa mahitaji ya zama zake, na mji umerithi tofauti hizo.

Miaka minne baada ya treni ya Mwakyembe, basi nalo lilijibu. Wakala wa mabasi yaendayo haraka, DART, ulikwisha anzishwa mwaka 2007. Ujenzi wa njia ya kwanza ulianza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kazi tarehe 10 Mei 2016. Njia hiyo, urefu wake pamoja na matawi yake ukiwa karibu kilomita 21, yatoka Kimara kwenda Kivukoni, na ina matawi ya Morocco na Gerezani katika Kariakoo. Mfano wake ulitoka Amerika ya Kusini, ambako Curitiba ilitangulia mwaka 1974 na Bogotá ikafuata mwaka 2000. Siri yake ni kumpa basi baadhi ya sifa za reli: njia yake mwenyewe katikati ya barabara, kituo chenye sakafu iliyolingana na mlango, na nauli ilipwayo kabla ya kupanda. Safari iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi ilipunguzwa sana, na mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa ajili ya kazi hiyo.

Lakini kila chombo na wimbile. Mabasi yalianza yakiwa 140 tu, na abiria walikuwa wengi kuliko nafasi. Karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mto ulipofurika uliwakumbusha wajenzi kuwa bonde ni mali yake. Mabasi yaliharibika na njia ikafungwa mara kwa mara. Kwa mtu wa Kibamba palikuwa na jambo zaidi. Njia iliishia Kimara. Daladala zilizokuwa zikipita njia kuu mpaka katikati ya mji ziliondolewa ili kupisha mabasi mapya, na aliyekuwa akipanda gari moja sasa alipaswa kupanda mawili: moja mpaka Mbezi au Kimara, jingine kwenda mjini. Nauli ya njia kuu mwaka 2016 ilikuwa shilingi 650, nayo iliongezwa juu ya ile ya gari la kwanza. Mabadiliko yaliyomfaa mtu wa Kimara kwa muda na kwa raha yalimfaa wa Kibamba kwa nusu, na nusu nyingine aliilipa mwenyewe.

Kisha ikaja habari ya mwaka 2017, ambayo haiwezi kuachwa katika mizani hii. Sheria ya tangu ukoloni iliihifadhi Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, kwa upana wa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Kwa miongo mingi mipaka hiyo ilikuwa katika vitabu, na watu walijenga. Mwaka 2017 nyumba, maduka na hata nyumba za ibada zilibomolewa ili kupisha upanuzi, na serikali ilishikilia kuwa waliojenga ndani ya hifadhi hawakustahili fidia. Wako waliokuwa wamekaa hapo miaka mingi, wakalipa kodi na kuunganishiwa umeme, wakaona kuwa mkono mmoja wa dola uliwakaribisha na mwingine ukawaondoa. Desemba 2018 upanuzi wa barabara kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, ulizinduliwa, njia ikaongezwa hata kufikia nane. Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilifunguliwa Mbezi mahali pa kile cha Ubungo.

Sasa vitu vyaweza kuwekwa mizanini. Kwa wingi wa watu, reli ina nguvu: treni ndefu ya umeme kwenye njia mbili, ikipita kila baada ya dakika chache, huchukua watu ambao hakuna mstari wa mabasi uwezao kuwachukua katika nafasi ile ile ya ardhi. Lakini nguvu hiyo haitoki katika jina la reli. Hutoka katika njia mbili, ishara za kuongozea, madaraja ya kuvukia barabara, na mabehewa ya kutosha. Reli isiyo na vitu hivyo, kama ile ya mwaka 2012, ni msaada wa heshima lakini si uti wa mgongo. Nairobi yatoa fundisho hilo hilo: stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, na treni ikawafaa sana walio jirani nayo, lakini matatu hazikuondoka, kwa sababu sehemu kubwa ya mji iko mbali na chuma.

Kwa gharama ya kuanza, basi hushinda. Kwa wepesi wa kubadili njia, basi hushinda. Kwa kumfikia mtu wa kilima cha ndani kwa mlisho wa gari dogo, basi hushinda. Kwa maisha marefu ya chombo, kwa kutumia dereva mmoja kwa watu wengi, na kwa kutokutegemea mafuta yanunuliwayo ng'ambo iwapo umeme ni wa nchini, reli hushinda. Na kwa haki ya mnyonge hakuna kinachoshinda chenyewe. UDA ilikuwa basi, na nia yake ilikuwa haki. Daladala ni basi pia, na mwanafunzi alisukumwa. Haki huamuliwa na mtu aamuaye nauli, mshahara na ratiba.

Yafuatayo ndiyo yanayotokana na mizani hiyo. Kwa viunga vilivyo kando ya chuma, kama Pugu na mitaa ya njia ya TAZARA, itakuwa ni upotevu kuendelea kuijaza barabara hali reli ipo. Hapo fedha ya kwanza yastahili kwenda katika njia za kupishania na mabehewa. Kwa Kibamba, dawa iliyo karibu ni basi liendalo haraka kufika huko lenyewe, ili abiria apande mara moja na kulipa mara moja. Usiache mbachao kwa msala upitao: kumwambia mkazi wa Kibamba angoje reli ambayo haijachorwa ni kumwambia aendelee kuamka saa kumi ya usiku kwa miaka isiyo na hesabu.

Lakini kuna neno la mwisho, nalo ni zito. Ardhi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kuipeleka reli kiungani. Chuma hununuliwa, mabehewa huagizwa, bali ukanda mrefu ulio wazi kutoka kiungani mpaka mjini hauuzwi dukani. Kutoka Kimara mpaka Kiluvya ukanda huo upo. Upana wake, pande zote mbili zikijumlishwa, ni mita 243. Barabara ya njia nane na njia za mabasi haziumalizi. Umepatikana kwa bei kubwa sana, na bei hiyo haikulipwa na hazina, bali na wale ambao kuta zao zilianguka mwaka 2017. Ukiachwa ukajaa tena vibanda na vituo vya mafuta, kimoja baada ya kimoja kwa ruhusa ndogo ndogo, wale watu watakuwa wamehamishwa bure. Ukihifadhiwa kwa dhati, watoto wao waweza siku moja kupanda treni mahali palipokuwa ukumbi wa nyumba ya baba yao.

Wajenzi wa mwaka 1905 waliipitisha reli kando ya Kibamba bila kujua kuwa kitakuwa na watu. Wapangaji wa leo hawana udhuru huo. Watu wapo, wamehesabiwa, na kila alfajiri wamesimama kituoni.